Jicho la Ndege na Miguu ya Bwana Harusi

Mkasi wa kukatia nguo haukati karatasi. Kila fundi cherehani analijua hilo, mke wa fundi analijua, na watoto wa fundi wanalijua zaidi kwa sababu walishachapwa kwa ajili yake. Karatasi inaumaliza mkasi, na mkasi ukishakuwa butu unatafuna kitambaa badala ya kukikata. Jirani yangu Mpiga Picha hakulijua, au alilijua akaona halimhusu. Miaka yote tuliyoishi ukuta kwa ukuta pale Shinyanga mjini, mimi na cherehani yangu barazani, yeye na studio yake ya chumba kimoja na kijichumba cha giza, alikuwa akinyata nyuma yangu nikiwa nimeinamia mshono, anauchukua mkasi, anapotea nao ndani. Nikisikia kwacha, kwacha, basi najua kuna ndege anakatwa.

Watu aliwapiga picha ili ale, ndege aliwapiga ili afurahi. Aliwafuata maporini na kwenye majaruba ya mpunga, akarudi na filamu mfukoni na tope mpaka masikioni, akaisafisha usiku. Ukutani alikuwa ametoboa tundu, na jua lililopenya hapo ndilo lililokuwa taa yake ya kukuzia picha. Picha ikitoka unaona bwawa, nyasi, anga, mgunga, na mahali fulani katikati ya hayo yote, ndege. Hapo ndipo mkasi wangu ulipoitwa kazini. Alikata anga. Alikata bwawa. Alikata mgunga pamoja na tawi alilokalia ndege, akakata mkia, akakata miguu, akabaki na kichwa, na siku nyingine hata kichwa alikiona kingi, akabaki na jicho na kipande cha mdomo. Kisha anarudi gizani anaikuza ile sehemu peke yake mpaka jicho linakuwa kubwa kama kisahani cha chai, anatoka mbio kuja kunionyesha.

"Fundi! Tazama! Anakutazama!"

Na kweli alikuwa ananitazama. Nisiwe mchoyo wa sifa: jicho la yule ndege, kwezi, na manyoya yaliyolizunguka yakiwa yamepangwa moja moja, lilinifanya nisahau mkasi wangu na nusu ya matusi niliyokuwa nimeyaandaa. Tulilitazama pamoja tukicheka kama watu waliookota kitu njiani, na mteja wangu akasubiri suruali yake mpaka akachoka. Nilimpenda sana mtu yule. Nasema mapema ili mtu asije akadhani nitakayoyasimulia nayasimulia kwa kumchukia.

Nasema mapema pia kwamba tabia hiyo ya kukata nusura imkoseshe mke. Mimi ndiye niliyekuwa mshenga wake, kwa hiyo aibu yote ilipita mikononi mwangu.

Msemo wake ulikuwa mmoja, na aliurudia kama dawa ya asubuhi: "Jicho ndilo ndege, mengine ni mizigo." Ukimbishia, anakupeleka Mwadui. "Kule Mwadui wanachimba udongo wa almasi, sivyo? Wanauosha, wanaumwaga, unabaki mlima wa udongo huko nje na kijiwe kidogo mkononi. Umeshaona mtu anavaa udongo? Mimi nami naosha majani, nabaki na jicho." Ulikuwa ubishi mzuri, na hata mimi kazi yangu ni kukata. Nilimwambia tu kwamba nikikata suruali huwa nawaachia watu miguu.

Sasa ungedhani ugonjwa huo ulikuwa wa ndege peke yao. Hapana. Alikuja kijana mmoja wa pamba, katoka kuuza mavuno yake, kanunua baiskeli mpya inayong'aa hadi kwenye spoku, na safari yake yote ya mjini ilikuwa apigwe picha na baiskeli hiyo ili akaitundike nyumbani. Alijipaka mafuta, akasimama ameshika usukani, amekaza shingo. Siku ya kuichukua picha nilisikia sauti mle studio: "Bwana Picha, baiskeli yangu iko wapi?" Ilikuwa pale. Kwenye kona ya chini ilionekana kengele. Kengele tu, na juu yake uso wa yule kijana umejaa karatasi nzima, unaweza kuhesabu kope. "Lakini tazama ulivyofurahi," Mpiga Picha akamwambia, "baiskeli yako imo usoni mwako." Kijana aliondoka haelewi kama amesifiwa au ameibiwa. Alirudi baada ya wiki kuomba nyingine, kwa sababu mama yake alikuwa ameipenda ile ya kwanza mpaka analala nayo, ila wajomba hawaamini kwamba baiskeli ipo.

La fahali lilikuwa kubwa zaidi. Mzee mmoja mfugaji kutoka upande wa Mhunze alikuwa na fahali aliyejulikana mbuga yote, mweusi, pembe zimefunguka kama mikono ya mtu anayekaribisha wageni. Akamwita Mpiga Picha amfuate mpaka zizini. Mpiga Picha akaenda, akakaa huko kutwa nzima, akanywa maziwa, akarudi anaimba. Mzee alipokuja mjini nikakaribishwa na mimi nione. Ilikuwa picha ya yule ndege mdogo mwenye mdomo mwekundu anayewala kupe wa ng'ombe. Mzuri, mwenye jicho lenye duara la rangi, kakaa juu ya kitu cheusi chenye manyoya.

Yule mzee aliigeuza picha. Akaitazama kwa nyuma.

"Ng'ombe wane alihe?" aliuliza kwa Kisukuma, halafu akakumbuka yuko mjini. "Ng'ombe wangu yuko wapi?"

"Yuko chini ya ndege, Mzee," Mpiga Picha akajibu kwa heshima zote.

"Hii nini?"

"Sikio."

Nilitoka nje nikaenda kuushika ukuta. Mzee naye alijitahidi kukasirika, akashindwa, akacheka mpaka kofia ikaanguka, na tangu siku hiyo kila akija mjini alikuwa akitusalimia, "Mhola?" na kabla hatujajibu anaongeza, "Na lile sikio, halijambo?"

Alikuwa tayari kufanya lolote ili akaribie. Mbinu yake kubwa ilikuwa ngozi ya ng'ombe. Alikuwa ameona kwamba yangeyange, wale ndege weupe, hawamwogopi ng'ombe, wanatembea miguuni pake wakiokota panzi, basi akajifunika ngozi nzima yenye mkia, akapiga magoti, akajipenyeza katika kundi la ng'ombe wa watu huku kamera iko kifuani. Ng'ombe walimvumilia. Yangeyange walikuja. Mmoja alikuja vizuri mno, akapanda akasimama mgongoni kwake. Fikiria mtu aliyetamani maisha yake yote kumkaribia ndege, leo ndege amemkalia, na hawezi kumpiga picha kwa sababu yuko juu ya uti wake wa mgongo! Alisema alilia machozi mle ndani ya ngozi. Na wakati bado analia, mchungaji akaona ng'ombe mmoja anazubaa nyuma ya wenzake, akaja akamchapa fimbo ya kiuno. Ng'ombe alipiga kelele kwa Kiswahili. Mchungaji alikimbia mpaka kwao, na nasikia hakutaka tena kuchunga upande ule.

Na hapa ndipo ninapofika kwenye jambo ambalo sikulielewa kwa miaka. Mtu huyu aliyekata kila kitu kwenye picha hakukata hata neno moja akisimulia. Akirudi kutoka porini tulikuwa tunaacha kazi. Anakuambia maji yalikuwa ya rangi gani, na jinsi upepo ulivyoyalaza mafunjo upande mmoja, na vyura waliokuwa wanagombana, na mwanamke aliyepita na mtungi akamsalimia akidhani ni kisiki kisha kisiki kikaitikia. Anakuonyesha kwa mikono ndege alivyokuja, alivyosita, alivyotua. Unasikia harufu ya tope. Halafu anakuletea picha: jicho. Bwawa lote, upepo wote, yule mama na mtungi wake, vimelala sakafuni kama vipande vya nguo chini ya cherehani yangu, mke wangu anakuja kuvizoa awashie moto.

Aliyeliona hilo wa kwanza ni Mkunga. Alikuwa binti wa Kizinza kutoka Geita, amesomea ukunga, anafanya kazi hospitalini, na ndiye aliyewapokea pacha wangu Kulwa na Doto usiku ule niliokuwa nazunguka nyumba kama kuku. Kwa hiyo kwangu alikuwa mtu wa nyumbani. Alikuja siku moja kushonesha gauni, akamkuta Mpiga Picha katikati ya kisa cha mdiria aliyezamia samaki, akasimama kusikiliza mpaka mwisho, mdomo wazi. Mpiga Picha alipomwona anavyosikiliza, akakimbia ndani akamletea picha yenyewe. Ilikuwa mdomo mrefu mweusi na jicho.

Mkunga aliitazama muda mrefu.

"Anakaa wapi huyu?"

"Nani?"

"Huyu mdiria. Anakaa wapi?"

"Hapo. Kwenye picha."

"Basi ana shida," Mkunga akasema. "Hana maji, hana samaki, hana hata pa kukaa. Yale uliyokuwa unayasimulia sasa hivi mbona hayamo?"

Mpiga Picha akampeleka Mwadui, kama kawaida yake. Udongo, kuosha, almasi. Mkunga alimsikiliza kwa adabu, akachukua kitambaa chake cha gauni, akaniambia mimi badala ya yeye, "Baba Kulwa, mwambie rafiki yako jiwe halijengi kiota."

Jioni ile Mpiga Picha hakuazima mkasi. Alikuja akakaa kwenye ngazi ya baraza langu, ameshika mashavu. "Fundi," akasema, "yule lazima nimuoe. Nisipomuoa huyo nitakuwa nabishana na nani?"

Wakaendelea kubishana miezi mingi, kwa furaha ambayo ilikuwa inawachosha majirani. Yeye alitaka karibu, Mkunga alitaka pana. Yeye anasema ukiweka bwawa zima ndege anakuwa kinukta, Mkunga anasema hata mtoto akizaliwa ni mdogo chumbani lakini hakuna anayemkosa. Mwishowe Mkunga akakubali kwa upande wake, ila akasema kwao kuna baba, na baba ana taratibu zake, na bila mshenga hakuna hata chai. Ndiyo nikatumwa. Nilikwenda Geita kwa lori, nikapokelewa vizuri, nikasema niliyotakiwa kusema. Baba yake alikuwa mzee mfupi, mpana, aliyefanya kazi kwenye mashimo ya dhahabu mpaka mgongo ukakataa. Akaniambia hana neno, ila yeye hamtoi binti kwa mtu asiyemjua kwa sura. Mtu huyo si anapiga picha? Basi alete picha yake.

Hapo ningepaswa kushtuka. Nilirudi nikimpa habari njema tu, mjinga mimi.

Alijipiga picha kwa siku mbili, mimi ndiye ninayebonyeza, yeye anapiga kelele nisogee. Halafu akaingia na mkasi wangu. Alichompa dereva wa lori apeleke Geita kilikuwa uso. Si uso na mabega. Uso, kuanzia kwenye nyusi mpaka kwenye ndevu. Aliniambia ni picha bora kuliko zote alizowahi kupiga za kiumbe asiye na mabawa, na kwa macho ya kazi yake alikuwa anasema kweli.

Dereva alirudi siku ya gulio, baraza limejaa watu. Hata hakushuka. Alitoa kichwa dirishani akapaza sauti:

"Bwana Picha! Mkwe wako anauliza, miguu uliiacha wapi?"

Watu wa Shinyanga hawakuelewa, lakini mtu wa Geita angeelewa mara moja. Kule kwenye mashimo mwamba ukishuka huondoka na mguu wa mtu, na mtu aliyeondokewa na mguu, akitaka nyumbani wasijue, alipiga picha ya kifua kwenda juu akaituma. Wake wengi wa kule walipokea picha nzuri za waume zao wanaotabasamu, na siku mume anarudi anashuka kwenye basi kwa mkongojo. Yule mzee alikuwa amewaona wenzake wakituma picha hizo. Picha ya kifua kwake ilikuwa mguu mmoja. Sasa mtu aliyetuma uso mtupu, bila hata shingo, alikuwa amebakiwa na nini?

Habari ilienea mji mzima kabla ya adhuhuri. Watu walioishi naye miaka wakaanza kuja studio kwa kisingizio cha kutaka picha, wakiinama kuchungulia chini ya meza yake. Yule mzee wa fahali alikuja na kutazama waziwazi, akasema, "Ipo. Lakini ni ya kwake?" Mpiga Picha akaniagiza kaptula. Mtu ambaye sijawahi kumwona goti akawa anatembea sokoni na kaptula niliyomshonea, akirusha miguu miembamba kama ya yangeyange, akimsalimia kila mtu ili atazamwe. Tulicheka, naye alicheka. Ila jioni nilimkuta kakaa gizani bila taa, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba akimkosa Mkunga kwa kosa lake mwenyewe hatajisamehe.

Tukafunga safari pamoja, tukapitia Kahama, juu ya magunia, yeye kajivika kaptula yake na kamera shingoni. Mkunga alikuwa ametangulia kwao kwa likizo. Tulipofika, Mpiga Picha akainama, "Shikamoo Mzee," na yule mzee badala ya kusema marahaba akaichukua fimbo yake akamgonga nayo kwenye muundi, mguu wa kwanza, halafu wa pili, akitega sikio.

"Si mti," akasema. "Marahaba."

Akamtembeza uani. Akamrusha mtaro. Akambebesha ndoo ya maji. Kwenye dirisha la jikoni niliona kanga inatikisika, nikajua Mkunga yuko nyuma yake anajifinya asicheke. Mzee aliporidhika akatukalisha, akasema yeye ameona, lakini yeye si wa mwisho. Wa mwisho ni dada yake mkubwa, shangazi wa binti, anayekaa kisiwani ziwani huko na hawezi tena kupanda mtumbwi. Yule bibi haoni sababu ya kuamini maneno ya wanaume. Apelekewe picha. Safari hii nzima.

"Hapo nje," Mzee akasema. "Na mshenga ndiye apige. Wewe hatukuamini."

Kwenye filamu ilikuwa imebaki picha moja tu. Nyingine alikuwa amezimaliza njiani, kwenye jicho la furukombe. Jua lilikuwa limeshuka mgongoni kwangu, yeye kasimama ameniangalia, nyuma yake uwanda unateremka mpaka kwenye mafunjo na maji. Nikainamia kile kioo cha kamera. Mpiga Picha akaanza: "Sogea, Fundi! Sogea!" Nikasogea. Mzee akanivuta shati kwa nyuma: "Rudi. Miguu." Nikarudi. "Sogea!" "Miguu!" Nilikwenda mbele na nyuma kama mtu anayecheza ngoma asiyoijua, mpaka mwishowe nikamtii Mzee, nikarudi hadi kwenye ukuta wa zizi, na ndani ya kioo nikamwona rafiki yangu mdogo, mzima, na viatu vyake.

Ndipo walipotua. Sikuwaona wakija. Korongo wale wenye taji la dhahabu kichwani, wawili, walishuka nyuma yake kwenye nyasi fupi, wakatazamana, wakaanza kucheza. Wanaruka, mabawa wazi, wanainama, wanaruka tena. Mpiga Picha alikuwa amelala kwenye matope ya mbuga zote za Usukuma akitafuta ngoma hiyo, na hakuwahi kuipata hata mara moja.

Na hakuwaona. Aliwasikia. Ile sauti yao ilimwingia shingoni, nikaona mishipa inasimama.

"Fundi," akasema bila kufungua midomo. "Ni wao?"

"Ni wao."

"Wanacheza?"

"Wanacheza."

"Usigeuke!" Mzee akanguruma. "Ukigeuka shangazi ataona kisogo!"

Kanga ya dirishani ikafunguka yote, Mkunga akatoka mpaka mlangoni, mikono mdomoni. Mpiga Picha alikuwa anatetemeka mwili mzima, machozi yanamtoka, na midomo yake imekwenda masikioni kwa kicheko alichokuwa anakizuia. Angeweza kugeuka. Kamera ilikuwa ya kwake na ndege walikuwa wa kwake, ndoto yote ilikuwa hatua chache nyuma ya mgongo wake. Alimtazama Mkunga pale mlangoni, akabaki amesimama. Nikabonyeza.

Kesho yake nikarudi na lori, nguo za Idi za watu zilikuwa zinanisubiri. Yeye akabaki kuisafisha filamu katika ghala ya Mzee na kuitoa picha kwa jua la uani. Nilirudi bila jibu, mshenga asiyejua kama ameposa au hakuposa, na nilishona kaptula tatu kwa vipimo vya watu wengine kwa kuchanganyikiwa. Hadi siku moja lori likapiga honi tangu kwenye daraja, na dereva akapaza sauti dirishani kwamba shangazi amekubali, mshenga ajishonee shati. Nilimkumbatia mteja aliyekuwa mbele yangu na sindano zimejaa kifuani mwake. Tulikwenda harusini Geita mimi na mama Kulwa, tukala, tukacheza. Picha ilikuwa kisiwani, kwa shangazi. Sikuiona.

Baadaye Mkunga alipewa kituo Kahama, wakahamia huko, na baraza langu likapoa. Mkasi wangu ukawa mkali mwaka mzima na sikuufurahia.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisema ni siku nilipopita Kahama, katika safari ya kwenda kuwaona wakwe wa Doto. Nilimkuta Mpiga Picha ameota mvi, watoto wanamning'inia, na ukuta wa sebuleni umejaa mabwawa. Mabwawa matupu, nilidhani. Kila picha ilikuwa anga, maji na mafunjo, mpaka upana wake unakukata pumzi, na yeye kasimama pembeni anangoja kwa hamu. "Ndege yuko wapi?" nikauliza. Watoto wakapiga kelele za furaha, kumbe ndio mchezo wa nyumba ile, na mgeni hapewi chai mpaka amwone. Mkunga alikuwa mlangoni anacheka. "Ameharibika upande wa pili, Baba Kulwa," akaniambia. "Sasa mimi ndiye ninayemwomba asogee kidogo."

Katikati ya mabwawa hayo ilikuwapo ile picha. Shangazi alikuwa amefariki, wakarudishiwa. Nilisogea nikaitazama kwa mara ya kwanza tangu niibonyeze. Korongo wale, mabawa wazi. Mafunjo. Maji. Bwana harusi wa kaptula, analia na kucheka, miguu miwili. Na chini, kuanzia ukingoni mwa picha mpaka kwenye viatu vyake, kivuli kirefu cheusi chenye viwiko viwili vilivyotoka kama masikio ya chungu. Kilikuwa changu. Jua lilikuwa mgongoni kwangu na sikujua.

Niliona haya. Hata mimi nisiyejua picha nilijua kwamba hilo ni doa.

"Bwana wewe," nikamwambia, "umekata fahali, umekata baiskeli, umekata bwawa la Mungu. Kivuli changu kilikushinda nini?"

Alikuja akasimama kando yangu, bega kwa bega, kama zamani. Akasema kweli alitaka kukikata, picha ikiwa bado ina maji, ila mkwewe alimshika mkono. Na Mzee alipoifikisha kisiwani, shangazi aliiangalia miguu, akairidhia, kisha akauliza swali moja tu: huyu alikuja kuposa na nani? Maana mtu anayeposa peke yake, kwa yule bibi, alikuwa sawa na mwizi wa ng'ombe. Mzee akamwekea kidole pale chini.

"Akasema, 'Kumbe amekuja na mtu,'" Mpiga Picha akaniambia. "Akakubali hapo hapo. Sasa nikukate wewe, Fundi, nibaki na nini?"

Nilicheka, halafu nikakuta silioni bwawa wala korongo, macho yamejaa maji, na watoto wake wakadhani mgeni bado anamtafuta ndege, wakaanza kunionyesha.